Kumwachia Mzee Ashinde

Kuna swali limenikaa kooni huu mwaka wa pili. Ukicheza na mtu mzima ambaye umri umeanza kumchukua, ukamwachia ashinde, je, umemheshimu au umemtukana?

Najua wapo watakaosema, "Hilo nalo swali? Mchezo tu huo, bwana." Nilikuwa mmoja wao.

Baraza letu lipo Ng'ambo, mjini Unguja. Baada ya sala ya alasiri kahawa inafika, kashata zinafuata, na kila mtu anakwenda penye mchezo wake. Vijana wako kwenye keram. Wenye sauti kubwa wako kwenye dhumna, maana dhumna bila kelele hainogi. Sisi wengine tuko kwenye bao, na kwenye bao fundi wetu alikuwa mzee mmoja tunayemwita Maalim. Alisomesha hesabu skuli mpaka akastaafu. Wengi wetu pale alitushikisha chaki, na wengine alitushikisha adabu pia.

Kwa asiyelijua bao la Kiswahili, niseme kidogo. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na nyingine 22 anabaki nazo mkononi, anazishusha moja moja. Hakuna bahati hata chembe. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho yenu wawili, na anayeshinda ni yule aliyeona mbali zaidi. Maalim alikuwa anaona mbali. Alikuwa anatazama ubao kimya, mikono magotini, halafu anacheza mara moja, na wewe unabaki kuzifuata kete zake zinavyozunguka kama mtu anayesomewa hukumu.

Kisha akaanza kufungwa. Mwanzo kwa nadra, baadaye mara kwa mara. Alikuwa anasahau kete ngapi zimelala nyuma. Siku moja mwanawe mkubwa akanivuta pembeni ya duka.

"Ndugu yangu, nisaidie jambo. Mzee akifungwa halali. Anaamka usiku wa manane anapanga kete gizani. Na presha yake unaijua. Ukicheza naye mwachie kidogo. Wewe hupungukiwi na kitu."

Nikakubali. Nani angekataa?

Sasa, kushindwa makusudi katika bao si kazi rahisi. Sheria inasema penye kula lazima ule, huwezi kujifanya hukuona. Inabidi uchague upande mbaya wa kuanzia, na uchague kwa sura ya mtu anayefikiri. Siku mbili nilifaulu. Maalim akacheka, akaninunulia kahawa. Nilikwenda nyumbani najiona mtu mwema.

Siku ya tatu nilikula, nikasambaza kete, na ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yangu. Hapo mchezaji ana hiari: asimame, au asafirishe nyumba, yaani azichote zote na aendelee. Nyumba yangu ilikuwa imeshiba, na kuisafirisha saa ile ilikuwa ni kumpelekea mwenyewe mkononi. Nikaisafirisha.

Maalim hakugusa kitu. Akanitazama.

"Nyumba hii inasafiri kwenda wapi?"

"Nimeona njia, Maalim."

"Nionyeshe."

Sikuwa na cha kuonyesha. Akazirudisha ubaoni kete alizokuwa nazo mkononi, taratibu, kama mtu anayelipa deni.

"Mwanangu, shikamoo napewa nyingi. Njiani napewa, msikitini napewa, dukani napewa. Hapa sikufuata shikamoo."

Akavaa viatu, akaondoka. Siku sita hatukumwona barazani.

Katika siku hizo sita nilimkumbuka mwanafalsafa Bernard Suits, aliyeandika kitabu kiitwacho The Grasshopper mwaka 1978. Suits anasema kucheza ni kujitakia vikwazo ambavyo hukulazimika kuwa navyo, kwa ajili ya huo mchezo wenyewe. Halafu anawataja watu watatu wasiocheza ingawa wapo mchezoni. Mdanganyifu analitaka lengo lakini hazitaki sheria. Mvurugaji hataki lengo wala sheria. Na yupo wa tatu, mfanya mzaha, ambaye anazifuata sheria zote sawasawa ila hana haja ya kushinda.

Huyo wa tatu ndiye mimi. Sikuvunja sheria hata moja, na bado Maalim siku zile tatu alikuwa anacheza peke yake, bila kujua, mbele ya mtu aliyekuwa anaigiza. Waswahili tumezoea kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Je, asiyekubali kushinda? Nadhani naye si mshindani, na kwa mzee ni mbaya zaidi, kwa sababu mzee hana mahali pengi palipobaki pa kumpata mshindani.

Fikiria mambo tunayowapa wazee. Tunawapisha kwenye daladala. Tunawaamkia. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inampa kila aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la, na ni jambo la kujivunia. Lakini vyote hivyo wanapewa kwa sababu ni wazee. Ubao wa bao haukuulizi una miaka mingapi. Pale Maalim alikuwa mtu wa kuogopwa kwa kitu alichokifanya leo, si kwa kitu alichokuwa zamani. Nilipomwachia, nilimtoa kwenye kiti hicho na kumrudisha kwenye kile cha daladala.

Utaniambia: mbona watoto tunawaachia? Kweli, tunawaachia. Ila mtoto tunamwachia ili aupende mchezo, aingie, na anajua kesho atakuwa mkubwa atufunge kikweli. Mzee ameshaingia zamani. Ukimwachia unamsindikiza mlangoni.

Wapo pia wanaoipenda michezo ya wazee kama dawa: wacheze, itawachangamsha, itawaondolea upweke. Sina ugomvi nao, na huenda ni kweli tupu. Lakini sijamwona mzee aliyekuja barazani kutibiwa. Wanakuja kumfunga fulani. Hiyo faida nyingine inapatikana njiani, na nina shaka kama ingepatikana kwa mtu aliyegundua kwamba hakuna anayemfunga kwa nguvu zake zote.

Hata hivyo sitaki kumdharau yule mwanawe. Yeye ndiye anayekaa naye usiku, si mimi. Ni rahisi kutetea ukweli ukiwa barazani, halafu saa nne ukaenda kulala kwako. Nilipokwenda kumwomba Maalim radhi, akarudi, nikamfunga kihalali mabao matatu mfululizo. Usiku ule mwanawe hakulala. Aliniambia, na hakuniambia kwa furaha. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Nilichoweza kusema ni kwamba usingizi wa mzee ni wake, na akiupoteza kwa bao, ameupoteza kwa kitu anachokipenda. Akanijibu, "Na presha je?" Nikanyamaza.

Mambo yakazidi kuwa magumu. Ikafika siku Maalim akachota kete kutoka safu ya kwangu. Baraza zima likanyamaza, hata dhumna. Mwenyewe akaona, akazirudisha. Hapo hakukuwa tena na suala la kuachia au kutoachia, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umeanza kumkimbia. Nilitaka kusema kitu, akanitangulia:

"Tucheze la kujifunza."

La kujifunza ndilo bao la wanafunzi. Kete zote 64 zinapangwa mbili mbili tangu mwanzo, hakuna za mkononi za kukumbuka. Fundi wetu akarudi darasa la kwanza kwa hiari yake, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Hapo nikaona tofauti niliyokuwa naitafuta. Kupunguza mchezo ili mwenzako auweze si kumwachia. Mnakubaliana nyote wawili, mchana kweupe, na ndani ya huo mchezo mpya kila mmoja anapigana kwa nguvu zake. Kumwachia ni siri yako peke yako, na siri hiyo inamgeuza yeye kuwa mgonjwa na wewe kuwa mganga.

Juzi alinifunga. Nilijitahidi kwa kila ninachokijua, nikajikuta safu yangu ya mbele tupu, sina pa kucheza. Wenzetu wakapiga makofi. Maalim hakucheka. Akanitazama muda mrefu.

"Umeniachia?"

"Wallahi sikukuachia, Maalim."

Akainama juu ya ubao, akawa anazifuata kete kwa kidole, shimo kwa shimo, anatafuta pale nilipomdanganya. Hakupaona, maana hapakuwapo. Lakini ushindi ule ulikuwa wake, na ilikuwa haki yake aufurahie palepale. Mimi nilishautumia mwaka juzi, kwenye zile siku mbili nilizojiona mtu mwema.

Akaanza kupanga upya, mbili mbili. "Haya," akasema, "tuone."