Wema Usioulizwa Maswali

Kisa hiki ni cha kweli, na nakisimulia kwa sababu walioangamia ndani yake hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa sala na wa kujitolea, wakiwemo mabibi na wajukuu wao. Mimi na wewe tungeweza kuwa miongoni mwao.

Jim Jones alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Indiana, Marekani. Enzi hizo, katika makanisa mengi ya huko, Weusi na Wazungu hawakusali pamoja. Jones, Mzungu, alianzisha kanisa mjini Indianapolis katika miaka ya 1950 akawakaribisha wote. Kanisa hilo, Peoples Temple, liligawa chakula bure na kutunza wazee. Yeye na mkewe walimchukua mtoto Mweusi wakamlea kama wa kumzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliteuliwa mkurugenzi wa tume ya haki za binadamu ya mji, akapigania migahawa na hospitali ziwahudumie Weusi sawa na wengine.

Wema huo haukuwa wa kuigiza tu. Wenye njaa walishiba kweli, na waliodharauliwa waliheshimiwa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumtilia shaka. Aliyekulisha siku ya dhiki, utaanzaje kumhoji?

Hata hivyo ishara zilikuwepo, tena mapema. Ya kwanza ilikuwa miujiza. Waumini walionyeshwa vipande vya nyama wakaambiwa ni saratani iliyowatoka wagonjwa, kumbe ni nyama ya kuku iliyooza. Wasaidizi walioandaa hila hiyo walijua. Walijipa moyo kwamba kazi kwa jumla ni njema, wakanyamaza.

Kanisa lilipohamia California, ikaja ishara ya mali. Watu waliandikisha nyumba zao kwa jina la kanisa, wakakabidhi mishahara na pensheni. Aliyetoa vyote atarudi wapi akibadili nia? Kisha zikaja adhabu: aliyekosea alichapwa mbele ya wenzake, na aliyeondoka aliitwa msaliti. Mzazi aliyeshuhudia mtoto akipigwa alifundishwa kushukuru.

Mwaka 1972 mwandishi Lester Kinsolving alianza kuyafichua mambo haya katika gazeti la San Francisco Examiner. Waumini waliandamana nje ya ofisi za gazeti, na mfululizo wa makala zake ukakatishwa. Wanasiasa nao walihitaji umati wa Jones wakati wa kampeni. Mwaka 1976 meya George Moscone alimteua katika bodi ya nyumba ya mji wa San Francisco. Muumini mwenye wasiwasi alipoona wakubwa wakimpa mkono mchungaji wake, alijiona yeye ndiye mkosaji.

Mwaka 1977, jarida la New West lilipokuwa karibu kuchapisha ushuhuda wa waliotoka kanisani, Jones alikimbilia Guyana, Amerika ya Kusini, ambako wafuasi wake walikuwa wakijenga makazi msituni yaliyoitwa Jonestown. Huko pasipoti zao zilizuiliwa, na sauti yake ilisikika kwenye vipaza sauti mchana na usiku. Waliamshwa usiku, wakanyweshwa kinywaji wakaambiwa kina sumu, kisha wakaelezwa kuwa lilikuwa jaribio la utii. Ishara gani tena ilibaki?

Tarehe 18 Novemba 1978, mbunge wa Marekani Leo Ryan, aliyefika kuchunguza, aliuawa kwa risasi pamoja na watu wanne katika uwanja wa ndege wa Port Kaituma. Siku hiyohiyo zaidi ya watu 900 walikufa Jonestown, wengi kwa kinywaji chenye sianidi, huku walinzi wenye silaha wakiwazunguka. Zaidi ya 300 walikuwa watoto. Mama mmoja, Christine Miller, alisimama akapinga, akasema watoto wale wanastahili kuishi. Maneno yake yamo kwenye kanda iliyorekodiwa siku ile. Waliomzomea hadi akakaa walikuwa waumini wenzake.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Tumeona waumini wakiangamia mikononi mwa viongozi wao huko Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie. Tuulize kama hesabu za sadaka zinasomwa mbele ya waumini. Tuulize ni nani anaweza kumwambia kiongozi wetu amekosea, na kesho yake akabaki salama. Tuangalie kama aliyehama bado anasalimiwa njiani. Kiongozi mwema hapungukiwi na kitu kwa maswali hayo.

Na siku mwenzetu atakaposimama katikati ya kusanyiko aulize lile ambalo sisi tumelimeza, tusimzomee. Tumwache amalize, kisha tudai ajibiwe.