Ishike Spana, na Cheti Ukidai

Richard Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, hapa tunapopaita Tabora leo, aliwakuta Wanyamwezi wakiuona upagazi kuwa fahari ya mwanamume. Hata watoto waliwafuata baba zao na vipande vidogo vya pembe za ndovu mabegani. Walijifunza njia wakiwa njiani: maji yako wapi, hongo ya kupita inalipwa kwa nani, mzigo unafungwaje usichubue bega. Aliyeiva aliweza kuwa kirangozi, akatangulia mbele ya msafara kwa ujira uliozidi wa mpagazi wa kawaida. Sisemi njia ile ilikuwa tamu. Pembe zilisafiri pamoja na watumwa, na wengi hawakurudi.

Wewe leo unajifunza hivyo hivyo, kazini gereji, mikono ina grisi tangu umalize kidato cha nne, na mwenzako yuko chuoni kutwa. Usiinamishe kichwa! Lakini usijidanganye pia. Mwenye gereji hulipa mkono: gari limewaka, umepata chako. Serikalini ngazi ya mshahara huanza kusomwa kwenye cheti, na fundi hodari asiye na karatasi anaweza kubaki kibarua chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga breki. Inauma. Kadai karatasi yako basi!

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, mapengo yake yanazibwa, anapewa cheti. Unaitaka shahada? Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992 kwa watu wa aina yako, wasioweza kuacha kazi ili wasome. Utachelewa kumaliza, usingizi utapungua, na msimu wa mitihani bosi atanuna. Vumilia. Siku ya usaili wakiuliza uzoefu, hutahangaika kutafuta jibu.

Nawe unayesoma kutwa, Chuo cha Reli au Chuo cha Nyuki, una bahati ya muda, usiulalie. Reli ya kisasa inajengwa kuja huku kwetu. Likizo ikifika usikae nyumbani kungoja barua ya mafunzo kwa vitendo. Nenda karakana mwenyewe, omba hata kazi ya kupanga vifaa, uwatazame wenye mikono wanavyofanya.

Wa gereji, nunua daftari leo. Andika kila injini unayoifungua: tarehe, ubovu, ulivyoutibu. Kisha kesho, kabla gari la kwanza halijaingia, pita VETA uulize lini wanapokea mafundi wa kupimwa.