Kitambi Hakitokani na Kushiba

Katika mazungumzo yetu ya kila siku unene una mshtakiwa mmoja tu, tumbo lisilojua kutosheka. Mtu akiongezeka mwili anaambiwa apunguze kula, aache chakula cha usiku, ashinde na matunda, anywe maji ya ndimu na tangawizi alfajiri. Akishindwa baada ya wiki mbili anaonekana hana msimamo. Hoja yangu iko kinyume na hukumu hiyo: wengi wetu tunanenepa kwa sababu hatushibi. Tunakula mara nyingi, na tunakula vyakula vyenye nguvu nyingi, lakini vichache kati ya hivyo vina uwezo wa kulituliza tumbo kwa saa nne au tano. Kwa hiyo kabla jua halijasogea mkono umesharudi kwenye maandazi, kwenye visheti, kwenye chupa ya soda. Kama hoja hii ina ukweli, basi kumwambia mnene ajinyime ni kumrudisha kwenye njaa ile ile iliyomnenepesha.

Tuanze na takwimu, maana hazina utani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa wamefikia unene wa kupindukia. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004 na 2005 uliwakuta wanawake 18 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Ule wa 2015 na 2016 uliwakuta 28. Kenya mwaka 2022 walikuwa 45 kati ya kila 100 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, ilhali wanaume walikuwa 19. Pengo hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wanaosema unene ni uvivu, kwa sababu kila aliyelelewa katika nyumba za kwetu anajua nani huamka wa kwanza na nani hulala wa mwisho. Isitoshe, Tanzania hiyo hiyo mwaka 2022 ilikuwa na watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano waliodumaa. Udumavu na kitambi vinaishi mtaa mmoja, wakati mwingine nyumba moja, mama na mtoto wakipakuliwa kutoka sufuria moja. Ulafi hauwezi kueleza jambo hilo. Chakula chenye nguvu nyingi na virutubishi vichache kinaweza.

Wapo watakaosema tatizo ni kukaa: bodaboda mlangoni, kiti ofisini, simu kitandani. Hoja hii ina mvuto, na jibu lake bora limetoka Tanzania kwenyewe, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambazo Wahadzabe, jamii ya huko inayoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, huzitumia kwa siku, kwa njia ya maji yenye alama maalumu za kimaabara ambayo mtu huyanywa kisha mkojo wake hupimwa. Wanaume hao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, wakiwinda, wakichimba mizizi na kubeba kuni. Wengi wangetabiri kwamba wanaunguza kalori nyingi mno. Walipolinganishwa na watu wa Marekani na Ulaya, huku ukubwa wa miili ukizingatiwa, matumizi yao ya nguvu kwa siku yalikaribia kuwa sawa. Inaelekea mwili ukifanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Uchambuzi mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2025, uliojumuisha zaidi ya watu wazima 4,000 kutoka makundi 34 ya watu duniani, ulielekea huko huko: sehemu kubwa ya unene unaoandamana na maendeleo inaelezwa na kinachoingia mdomoni, na sehemu ndogo na upungufu wa kutembea. Hili lisimfanye mtu akaacha mazoezi. Moyo, mifupa, usingizi na sukari ya damu vyote vinayahitaji. Lakini anayekimbia ufukweni Jumamosi asubuhi kisha akajipongeza kwa chipsi na soda mbili asishangae mizani ikimnunia.

Chipsi zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana zimekuwa chakula cha jioni cha vijana wa mijini. Viazi humenywa mchana, hukaangwa nusu na kuwekwa kwenye kabati la kioo lenye taa. Mteja akifika vinarudishwa kwenye karai, vinaiva mara ya pili, vinahamia kikaangoni, mayai mawili yanapasuliwa juu yake na mafuta mengine yanaongezwa kwa kukadiria. Kachumbari ni vijiko viwili vya kutia rangi. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kilokalori zisizofika 90. Gramu 100 za chipsi zina kama 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Hiyo ni nusu tu ya habari. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nguvu sawa, wakawauliza kwa muda wa saa mbili wanajisikiaje tumboni. Kilichoongoza kwa mbali ni viazi vya kuchemsha, vilivyoshibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Chipsi ziliuzidi mkate kwa kiasi kidogo tu. Kiazi ni kile kile. Karai ndilo limekinyang'anya uwezo wake wa kumwambia mlaji kwamba inatosha.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani alipowaweka watu 20 ndani ya hospitali kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa, na kila mmoja aliambiwa ale kadiri anavyotaka. Milo yote miwili ilipangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi kwa viwango vinavyolingana. Hata hivyo, kwenye vyakula vya kiwandani walikula kilokalori kama 500 zaidi kwa siku, na waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya kupikwa walipungua karibu kiasi hicho hicho. Walikuwa watu wale wale, wenye tabia na nia ile ile. Sioni namna ya kuyaeleza matokeo hayo kwa lugha ya ulafi na utovu wa nidhamu, labda tuseme nidhamu huondoka mwilini kwa wiki mbili kisha ikarejea.

Mtu anaweza kupinga kwamba hayo ni ya Marekani, na kwamba sisi bado tunakula chakula chetu. Kilimanjaro pana jibu. Watafiti wa huko Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, mwaka 2025 walichapisha jaribio la vijana 77 wa kiume wenye afya njema. Baadhi ya waliozoea ndizi, maharage, nafaka zisizokobolewa na mboga za majani walipewa kwa wiki mbili mlo wa soseji, mkate mweupe na chipsi. Baadhi ya waliozoea mlo wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la kwanza damu yao ilionyesha dalili za mchochota, ule mwako wa ndani unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo, na kinga yao ilipungua makali. Kundi la pili mambo yaligeuka kuwa mazuri, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili ni muda mfupi na vijana 77 ni wachache, wala lengo la jaribio halikuwa kupunguza uzito. Lakini linatuonyesha kwamba chungu cha bibi kina hoja ya kitabibu.

Sasa tuje kwenye dayati zenyewe. Mwili unaonyimwa chakula ghafla haukai kimya. Huongeza njaa na hupunguza matumizi ya nguvu. Washindani 14 wa kipindi maarufu cha televisheni cha Marekani cha kupunguza uzito walipopimwa miaka sita baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa wastani walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao bado ilikuwa inaunguza kilokalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Hata sindano mpya za semaglutaidi, ambazo hutuliza hamu ya kula na kupunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi, zikiachwa sehemu kubwa ya kilo hurudi ndani ya mwaka. Zinafanya kazi kwa kumfanya mtu ahisi ameshiba, jambo linaloiunga mkono hoja yangu, ila kwa bei ambayo watu wengi wa kwetu hawataimudu. Linganisha na jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la 2018 la watu 609. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Wote walihimizwa kula mboga kwa wingi, kuacha sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, na kula mpaka watosheke. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, tofauti kati yao ikiwa ndogo mno kuweza kutajwa. Ugomvi wa wali na mafuta, unaojaza mitandao yetu, haukupata mshindi.

Kwa hiyo ukikaa kwa mama lishe, tazama sahani inavyopangwa: mlima wa wali, kijiko kimoja cha maharage, mchicha wa pembeni kama pambo. Maneno yanayotosha ni haya: "Mama, wali kidogo, maharage na mboga niongezee." Maharage, kunde, choroko, dagaa na mayai vina protini; mboga na nafaka zenye pumba zina nyuzinyuzi; na hivi viwili ndivyo vinavyochelewesha njaa. Makande asubuhi hukufikisha mchana, chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili hukufikisha saa nne. Dona hushinda sembe kwa sababu hiyo hiyo, ingawa mfanyabiashara huipenda sembe kwa kuwa haiharibiki upesi. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa macho, maana kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vinane vya chai, nayo hupita tumboni ikipunguza njaa kidogo sana. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Kuna pingamizi la heshima. Kwetu kunenepa bado ni habari njema: bibi harusi akijazia, ndoa imemkubali, mzee akiwa na kitambi, mambo yake yamenyooka. Na miaka ya UKIMWI iliacha kovu, mtu akipungua watu wananong'ona. Sioni sababu ya kuubeza mtazamo huo ili tuazime ule wa kuwacheka wanene, ambao umeziumiza jamii nyingine bila kuzipunguzia kilo hata moja. Uzuri wa hoja ya kushiba ni kwamba haihitaji aibu. Haimtaki mtu achukie mwili wake wala akatae sahani ya mwenyeji.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama, na hapa wahubiri wa lishe hupenda kukwepa. Tunasema maharage ni rahisi, tunasahau mkaa. Maharage makavu hutaka saa mbili jikoni, na mama anayefika nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni ana watoto wenye njaa sasa hivi. Chipsi za jirani ziko tayari kwa dakika kumi. Huyo hajakosa elimu ya lishe. Amekosa muda na moto. Kuloweka usiku kucha husaidia, na jiko la presha husaidia zaidi kwa aliye nalo, lakini jibu kubwa liko nje ya nyumba. Katika mitaa mingi ya Nairobi akina mama huchemsha githeri, yaani makande, na maharage mchana, na jioni mfanyakazi hupimiwa kiasi chake, akaenda kukiunga kwa kitunguu na nyanya kwa muda ule ule ambao angesubiri chipsi. Halmashauri zinazotenga maeneo kwa ajili ya vibanda vya kukaangia zingeweza kumtengea mchemshaji naye nafasi yenye maji na taa, karibu na kituo cha daladala, na kumpunguzia ushuru. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kliniki ya kisukari.