Jibu la Mzee Juu ya Jiwe

Mtu wa Mwananyamala ataka kuuziwa kijiwe cha buluu kilichofungwa katika karatasi. Kabla ya kutoa fedha ampelekea jirani yake, mtu mzima aliyeheshimiwa mtaani, amwulize: "Mzee, hii ni tanzaniti ya kweli?" Mzee akiinua juani, akiona chametameta, ajibu: "Naam, ndiyo yenyewe." Kwa neno hilo akiba ya ada ya watoto yatoka sandukuni. Mzee hakukusudia kudanganya. Je, amesema kweli?

Wengi wangemwachilia upesi. Sisi hatuwezi.

Rangi ni shahidi dhaifu. Jiwe hili lilipopatikana Merelani, katika Simanjiro, mwaka 1967, hata watafutaji wa madini walilidhania kuwa yakuti samawi. Ni upimaji ulioonyesha kuwa ni aina ya zoisaiti. Tena mengi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, nayo hugeuka buluu yakitiwa katika moto. Basi mwenye kutegemea buluu peke yake aweza kulitupa jiwe la kweli na kukikumbatia kipande cha chupa.

Vipimo vipo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, yakuti samawi ina 9, tanzaniti ina 6 hadi 7. (Wala asije mtu akakikwaruza kito cha mwenziwe kwa msumari, akisema anapima!) Tanzaniti ikigeuzwageuzwa mbele ya nuru huonyesha buluu upande huu na urujuani upande ule, kioo hubaki na rangi ile ile. Na Arusha kipo Kituo cha Jemolojia, chenye wataalamu na vyombo vyao.

Tutaambiwa kwamba Arusha ni mbali na nauli ni ghali. Ni kweli, wala hatumdai mzee elimu asiyokuwa nayo. Twamdai neno moja tu: "Sijui." Maana aliposema "ndiyo yenyewe" hakushuhudia habari za jiwe tu, alishuhudia pia habari za nafsi yake, kwamba anajua. Ushuhuda huo wa pili haukuwa kweli, hata kama kesho jiwe litapimwa na kuonekana ni tanzaniti safi.

Pengine jirani angenung'unika, kwa kuwa alikuja kutafuta furaha, akapewa shaka. Lakini angerudi nyumbani, na ada ya watoto ingali sandukuni.