Mtoto wa Kupakatwa

"Hajafika miaka miwili? Basi huyo ni wa kupakatwa, mama. Usipoteze hela." Ndivyo wakala wa tiketi alivyomwambia mdogo wangu, naye akanipigia simu akicheka. Dar es Salaam hadi London na mtoto wa miezi kumi na moja, na mtoto analipiwa asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima. "Dada, si nafuu hiyo?"

Nafuu ni nafuu. Mimi mwenyewe niliifaidi kwa mwanangu wa kwanza. Nilimpakata tangu Dar hadi Muscat, na aliponilalia kifuani nikaona hakuna mkanda duniani unaoishinda mikono yangu. Wakati huo sikuwa nimesoma habari za Sioux City. Siku ya simu ile nilimsimulia mdogo wangu, nikijua kabisa namharibia furaha.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United aina ya DC-10 iliondoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296. Shirika lilikuwa na ofa: mtoto anayesafiri na mtu mzima analipiwa senti moja. Ndiyo maana ndani mlikuwa na watoto 52, na wanne kati yao hawakuwa na viti. Walikuwa wa kupakatwa.

Saa moja na dakika chache baada ya kupaa, injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake vikaharibu mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, na Kapteni Al Haynes akabaki na usukani usioamuru kitu. Kwa dakika 44 yeye na wenzake waliielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili zilizobaki. Mambo ya chumba cha marubani yamesimuliwa sana, na waliostahili sifa wamesifiwa. Mimi hurudi nyuma, kwenye viti vya abiria, ambako kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, alikuwa akiwaandaa watu kwa kishindo. Kuhusu watoto wa kupakatwa alisema kile alichofundishwa: walazwe sakafuni, wazazi wawashikilie.

Ndege ilifika Sioux City, jimbo la Iowa, kwa kasi kubwa mno. Bawa la kulia likatangulia kugusa ardhi. Ndege ikakatika vipande, ikawaka moto, na sehemu yenye abiria wengi ikabiringika na kutulia juu chini katika shamba la mahindi.

Nilipomwambia kuwa kuna mtoto wa kupakatwa aliyeponyoka mikononi mwa mama yake, mdogo wangu aliniuliza swali ambalo kila mama huuliza: "Kwani mama alimwachia?" Hakumwachia. Hakuna aliyemwachia. Jambo lenyewe ni la uzito tu. Ndege inaposimama ghafla, kila kilichomo huendelea kukimbia mbele, na uzito wake huwa kama umezidishwa. Viti vya ndege za wakati ule vilipimwa kustahimili nguvu mara tisa ya uzito wa kawaida. Mtoto wa kilo 10, mara tisa, ni kilo 90, yaani gunia la mahindi kama wanavyolipima Kenya. Nani anaweza kudaka kwa mkono mmoja gunia la mahindi lililorushwa, huku kichwa chake kimeinamishwa magotini?

Abiria mmoja aliyekwisha kutoka salama alisikia sauti ya mtoto, akarudi ndani ya moshi, akamtoa mtoto wa miezi 11 kwenye sanduku la mizigo ya mkononi, lile la juu ya viti. Alikuwa hai. Mtoto mwingine wa kupakatwa, wa kiume, hakutoka. Mama yake alitoka na kutaka kurudi kumtafuta, na Jan Brown ndiye aliyemzuia. Yule mama akamkumbusha ni nani aliyemwambia amlaze mtoto sakafuni. Waliokufa kwa ajali ile walikuwa 112. Brown alitumia miaka mingi baadaye, hadi mbele ya Bunge la Marekani, akidai kila mtoto apewe kiti na mkanda wake.

Bodi ya uchunguzi wa ajali ilikuwa upande wake. Mamlaka ya anga ilikataa, na sababu yake si ya kipuuzi: wazazi wakilazimishwa kununua kiti, baadhi wataacha ndege na kusafiri kwa gari, na barabara huua watoto wengi zaidi. Hesabu hiyo naikubali, na kwetu ina nguvu zaidi. Kama bei ya kiti cha mtoto itakupeleka kwenye basi la usiku, ambako pia utampakata, panda ndege na umpakate. Lakini hesabu ya wastani hufanywa na mtu aliyeketi ofisini. Mwenye nauli mkononi ana mtoto mmoja, na mtoto huyo hana wastani.

Mdogo wangu alitaja kile kitanda kidogo cha ukutani. Kizuri, lakini ni cha anga tulivu tu. Ndege ikianza kutikisika au kushuka, mtoto hutolewa na kurudi mapajani. Na kile kimkanda cha kitanzi kinachoungwa kwenye mkanda wa mzazi? Ulaya hutumika, Marekani hakiruhusiwi wakati wa kupaa na kutua, kwa kuwa mwili wa mzazi ukijikunja humbana mtoto. Hata hivyo ukipewa mahali kinaporuhusiwa, kifunge, maana humzuia kichanga kurushwa. Kinachofaa kweli ni kiti cha gari cha mtoto, chenye maandishi ya kuruhusiwa kwenye ndege, kiwekwe dirishani kwenye kiti alicholipiwa, na shirika liulizwe mapema.

"Dada, ungeniambia kabla sijalipa," akasema, akakata simu. Nilijua amenuna.

Kesho yake jioni aliniletea picha kwenye simu. Kiti cha mtoto cha kuazima kwa jirani, kitambaa kimechujuka, na juu yake imelazwa futi ya fundi cherehani. Chini aliandika: "Sentimita 43. Cha ndege kina ngapi?"