Sufuria ya Barzilai

Somo: 2 Samueli 17:27–29

Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu. Amevuka Yordani usiku na watu wake, wamefika Mahanaimu wakiwa hoi. Hapo wanatokea watu watatu: Shobi, Makiri na Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Wamebeba vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, kondoo. Orodha ni ndefu, lakini hakuna mahali panapoonyesha kwamba walimuuliza Daudi alikosea wapi katika kumlea Absalomu. Walichosema ni kwamba watu hawa wana njaa, wamechoka na wana kiu. Basi.

Ndugu zangu, wengi wetu tuliotoka Kivu, tukapitia Nyarugusu na kambi nyingine, hadi tukafika hapa Kentucky, tumewaona akina Barzilai. Penye msiba, jirani Mmarekani hubisha hodi akiwa na sufuria ya maharage mabichi yaliyopikwa taratibu, maganda na yote. Rangi yake si ile ya kijani kibichi, ni ya zeituni iliyokolea. Usiyadharau. Kuna kazi ndani ya sufuria ile.

Mama mmoja wa kanisa jirani, mzaliwa wa milimani mashariki mwa jimbo hili, alitukalisha jikoni akatuonyesha. Maharage anayoyapenda yamekomaa, punje zimeshavimba ndani ya ganda, na ganda lina uzi mgumu. Anavunja ncha kwa kucha ya kidole gumba, anauvuta uzi taratibu hadi mwisho, anageuza, anauvuta wa upande wa pili. Kisha anakata kwa mkono, vipande vya urefu wa kidole kimoja, na kila kipande kinalia. Uzi ukibaki, hata upike hadi usiku, mlaji atautema. Hakuna mashine ya kazi hiyo jikoni mwake. Kuna mabinti, wajukuu na maongezi.

Kabla ya maharage kuingia, kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi kinachemka peke yake kama saa nzima. Asiyekula nguruwe hutumia shingo za bata mzinga za moshi, na ladha haipungui. Maharage yanafuata na kitunguu, chumvi kidogo sana kwa kuwa nyama ina yake, kifuniko juu, moto mdogo, saa mbili au tatu. Viazi vidogo huingia karibu na mwisho. Mkate wa mahindi huloweshwa katika mchuzi unaobaki. Sisi tunalowesha ugali, na nadhani tunafaidi zaidi.

Jambo moja alilosisitiza mama yule limenikaa moyoni. Usitie siki mapema. Ganda hulainika kwa sababu pektini, ile gundi ya mmea, huachia polepole kwenye moto. Ukitanguliza siki au nyanya, asidi huishika gundi hiyo, na maharage hubaki magumu saa baada ya saa. Siki anaiweka mezani, kila mtu ajitilie mwenyewe akitaka.

Nasi je, tunaingiaje kwa aliyefiwa? Mjane hajavua kanga ya msiba, tayari tumeuliza kwa nini mgonjwa hakupelekwa hospitali mapema. Kijana amepoteza kazi, tunaanza na hesabu ya alivyotumia mshahara. Huenda maswali ni ya kweli, lakini tumetanguliza siki, kisha tunashangaa kwamba mwenzetu amekuwa mgumu, hafungui mlango wala hapokei simu. Barzilai alikuwa mzee, bila shaka alikuwa na mengi ya kumwambia mfalme kuhusu watoto. Alileta dengu.

Wiki hii tuna familia moja katika matanga, nanyi mnaijua. Jumamosi saa mbili asubuhi jiko la kanisa litakuwa wazi. Maharage yatakuwepo, nyama ya bata mzinga ipo, na mama yule ameahidi kuja. Tunahitaji mikono ya kutoa nyuzi, wanaume pia. Zamu za kupeleka chakula zitaendelea hadi mwisho wa mwezi, maana wageni wakishaondoka ndipo nyumba inapokuwa na njaa. Ukifika, weka sufuria, kaa, osha vyombo. Akitaka kuzungumza, ataanza yeye.