Ghala la Farao

Mtawala awalishaye watu wake wakati wa njaa, je, amepata haki ya kuwafanya apendavyo? Swali hili ni la zamani sana. Jibu jepesi ni kwamba mfalme mwema ni yule ambaye raia zake hawalali njaa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi.

Wakatekumeni waijua habari ya Yozefu huko Misri, ila wengi huishia pale ndugu zake wanapokuja kununua nafaka. Yafaa kuendelea kusoma kitabu cha Mwanzo mpaka sura ya 47. Katika miaka saba ya shibe Yozefu alitwaa sehemu ya tano ya mavuno, yaani kikapu kimoja katika kila vikapu vitano, akaiweka akiba mijini. Njaa ilipoingia hakugawa bure, bali aliuza. Fedha ya watu ikaisha. Wakaleta farasi, kondoo, ng'ombe na punda, nao wakaisha. Mwaka uliofuata hawakubakiwa na kitu ila mashamba yao na miili yao, wakaviuza vyote viwili. Nchi yote ikawa mali ya Farao, isipokuwa mashamba ya makuhani. Tangu hapo watu walipewa mbegu, wakalima udongo uliokuwa wao jana, wakimtolea Farao sehemu ya tano kila mavuno. Nao walimshukuru Yozefu kwa kuwaponya.

Walikuwa na haki kushukuru, maana mfu halimi. Lakini ile ngano ilikuwa ya nani? Ilitoka katika mashamba yao wenyewe, wala Maandiko hayasemi kwamba walilipwa chochote ilipochukuliwa. Basi waliuza ardhi ili wapate tena jasho lao. Na tazameni yaliyofuata katika kitabu cha Kutoka: akainuka mfalme mwingine asiyemjua Yozefu, akawatia Waisraeli utumwani. Akawajengesha nini? Miji ya akiba, Pitomu na Ramsesi. Uwezo aliopewa mtu mwema kwa sababu njema ulibaki ikuluni baada yake, ukamngojea mwovu.

Dola la Roma nalo lilijulikana kwa kulisha watu. Mwaka 123 kabla ya Kristo, Gaius Gracchus aliweka sheria ya kuwauzia raia wa mjini ngano kwa bei nafuu. Baadaye ikatolewa bure, na wakati wa Kaisari Augusto watu kama 200,000 waliipokea. Mrumi alishiba. Mkulima wa Misri, ambaye ngano yake ilipelekwa huko kwa merikebu kama kodi, hakuulizwa neno.

Karibu na kwetu, mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Huko Kibiro, kando ya ziwa Albert, katika ufalme wa Bunyoro, wanawake wamevuna chumvi kwa mamia ya miaka. Mfalme alipokea ushuru wa chumvi, lakini kiwanja cha chumvi kilikuwa cha mwanamke, akakirithisha binti yake. Mfalme alikula bila kumfukuza mwenye mahali. Dola Huru la Kongo (1885–1908) lilitenda kinyume: mwaka ule ule wa 1885 liliamuru kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya serikali, kisha likawasukuma wanaume porini kutafuta mpira, mashamba ya chakula yakaota majani. Farao alau alikuwa na ghala.

Huko Eringeti maneno haya si historia tu. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika nchi ya Beni yamewafanya wengi kuacha kakao, mpunga na muhogo msituni. Mama aliyekimbia, akipanga mstari apate unga wa msaada, hatendi aibu yoyote. Watoto lazima wale. Lakini mfuko ule haulipi deni la serikali kwake. Kwanza anadaiwa njia ya kwenda shambani na kurudi akiwa hai. Mtu aliye na njia hiyo atajilisha, tena atauza sokoni.

Mtu atapinga: mwenye njaa haulizi ghala ni la nani. Ni kweli, na ndiyo sababu swali hilo halifai kungoja njaa. Wakati wake ni mwaka wa shibe, kikapu cha kwanza katika vitano kinapopimwa: nani ahesabu, nani ashike ufunguo, na siku ghala litakapofunguliwa, mwenye kupanda atalipa nini ili ale alichopanda. Katika sura zile zote za Mwanzo, haionekani kwamba Mmisri hata mmoja aliuliza.